Mpira wa kikapu na zile dakika 36

Wasomaji, leo si habari ya Linux wala ya lugha ipi ya kuprogramu ujifunze kwanza. Leo ni mpira wa kikapu. Usikimbie, kompyuta (au tarakilishi, kwa wale wa Kiswahili cha shule) zitaingia humo humo.

Kuna mafunzo ya maisha ambayo watu hupenda kuyachota katika mchezo huu, nayo yananichosha. Unaijua ile picha: mchezaji yuko hewani, zimebaki sekunde mbili, na chini yake maneno makubwa yanakuambia ujiamini, uutake mpira wa mwisho, uwe nyota. Vijana wa huku kwetu Kiirua wanatumiana picha hizo kwenye simu kila Jumatatu asubuhi. Mimi nikiutazama mchezo wenyewe naona unasema jambo jingine kabisa.

Tuchukue mfano wetu wenyewe. Februari 2021, mjini Yaoundé, Kenya iliifunga Angola 74–73 katika mechi za kufuzu AfroBasket. Wakati huo Angola ilikuwa imetwaa ubingwa wa Afrika mara 11, kwa hiyo hiyo haikuwa timu ya kuokota njiani. Tylor Ongwae alirusha mpira wa mwisho, ukaingia, mchezo ukaisha. Kenya ikarudi AfroBasket kwa mara ya kwanza tangu 1993, mwaka ambao mashindano yalifanyika Nairobi na tukamaliza wa nne. Miaka 28! Ukimuuliza mtu leo juu ya mechi ile, atakuonyesha ule mpira. Sina ugomvi na Ongwae hata kidogo, mkono wake haukutetemeka. Lakini kabla ya ule mpira Kenya ilikuwa imeshafunga pointi zaidi ya 70, na kila moja ilikuwa na uzito sawa na zile za mwisho. Tena Angola ilikuwa imezuiwa mara nyingi tu, na hakuna mtu anayekumbuka aliyezuia.

Hebu tufanye hesabu ya darasa la nne. Mechi ya kimataifa ni dakika 40. Uwanjani kuna watu 10 na mpira ni mmoja. Hata ukicheza mechi nzima bila kupumzika, fungu lako la mpira ni dakika 4 hivi. Zinabaki dakika 36 ambazo huna mpira mkononi. Unafanya nini nazo? Unakimbia kurudi nyuma au unatembea? Unamwambia mwenzako kwamba kuna mtu nyuma yake au unanyamaza? Unaweka skrini (si hii unayosomea, ni ile ya kusimama kama ukuta ili mwenzako apate nafasi ya kurusha) au unajisogeza pembeni kungoja pasi? Ukitaka kumjua mtu, mtazame katika dakika hizo. Dakika nne za mpira zitakuonyesha kipaji chake tu.

Shida ni kwamba jedwali la takwimu lina safu za pointi, ribaundi, pasi za mwisho na mipira iliyoporwa. Safu ya "alimwita mwenzake kwa sauti" haipo. Sisi watu wa kompyuta tunajua kinachofuata: kisicho na safu katika hifadhidata, kwa mfumo, hakikutokea.

Kuna mwenzetu aliyelishughulikia hili. Daryl Morey alisomea sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Northwestern, kisha akapewa usimamizi wa Houston Rockets. Timu hiyo ilikuwa na mchezaji anayeitwa Shane Battier. Ukisoma takwimu zake za kawaida unamwona mtu wa wastani: pointi chache, ribaundi chache. Lakini akiwa uwanjani, timu yake ilicheza vizuri zaidi na wapinzani walicheza vibaya zaidi. Mwandishi Michael Lewis aliandika makala ndefu juu yake mwaka 2009. Battier alikuwa anasoma takwimu za mpinzani wake kabla ya mechi, kisha anamsukuma Kobe Bryant taratibu kuelekea sehemu za uwanja ambako Bryant hurusha vibaya. Hilo halina safu.

Kilichonigusa zaidi ni tukio jingine. San Antonio Spurs walikuwa wanamwanzisha Manu Ginóbili kwenye benchi. Battier akamwendea kocha wake akaomba naye aanzie benchi, ili dakika zake zilingane na za Ginóbili apate kumzuia. Mchezaji anaomba aondolewe kwenye kikosi cha kwanza! Wachezaji wa timu za mtaani ninaowajua, ukiwaweka benchi robo moja tu, wanavua jezi na kwenda kununua mahindi ya kuchoma.

Wataalamu walijaribu kuipa kazi hiyo namba. Njia moja huhesabu tofauti ya pointi wakati mchezaji yuko uwanjani: ukiingia timu inaongoza kwa 2, ukatoka inaongoza kwa 9, unaandikiwa +7. Ni wazo zuri, ila ukicheza na nyota wanne nawe utang'aa bila kufanya lolote. Yeyote aliyewahi kutafuta hitilafu kwenye seva ambapo programu tano zinaendeshwa kwa pamoja anaelewa ninachosema.

Kisha kuna watu ambao hata uwanjani hawaingii. Baada ya kufuzu kwa ule mpira wa Yaoundé, Kenya ilikwenda Kigali mwaka huo huo wa 2021, na tulitolewa na Sudan Kusini 60–58 tukigombea kuingia robo fainali. Iliuma. Pointi mbili katika dakika 40! Lakini ukiangalia nani aliijenga timu iliyotutoa, unamkuta Luol Deng. Alizaliwa Wau, familia yake ikakimbilia Misri kisha London, akacheza NBA misimu 15 na kuchaguliwa mara mbili katika mechi ya nyota wote. Mwaka 2019 akawa rais wa shirikisho la mpira wa kikapu la Sudan Kusini, nchi ambayo haikuwa na uwanja wa ndani hata mmoja. Alitoa fedha zake mwenyewe kulipia timu, akawatafuta vijana waliotawanywa na vita duniani kote. Mmoja wao, Nuni Omot, alizaliwa hapa Kenya wazazi wake wakiwa wakimbizi.

Julai 2024, London, timu hiyo ilipoteza kwa Marekani kwa pointi moja tu, 101–100, na ilibidi LeBron James mwenyewe afunge mwishoni kuwaokoa wenzake. Siku nane baadaye, katika mechi yao ya kwanza ya Olimpiki, waandaaji walipiga kimakosa wimbo wa taifa wa Sudan, nchi waliyojitenga nayo mwaka 2011. Wachezaji wakasimama pale, wakangoja hadi wimbo wao upigwe, kisha wakaifunga Puerto Rico 90–79. Katika jedwali la mechi ile jina la Luol Deng halimo. Sifuri kila safu, hata sifuri haijaandikwa. Mtu akiniuliza kusudi la maisha ni nini namwambia mimi si padri, lakini naweza kumwonyesha jedwali lile.

Sasa nirudi kwenye kazi yetu, maana ndiko kunakoniwasha. Kampuni moja niliyowahi kuifanyia kazi Nairobi (jina nalihifadhi) iliamua kupima waandishi wa programu kwa idadi ya kazi walizofunga kila wiki. Namba kubwa, mkataba mrefu. Kulikuwa na dada mmoja pale ambaye asubuhi yake yote ilikuwa ya kupitia msimbo wa wenzake, kuandika majaribio na kuwajibu vijana wapya maswali yale yale bila kuchoka. Namba yake ilikuwa ya mwisho kila mwezi. Mkataba wake haukuongezwa. Haikupita miezi miwili, wateja wakaanza kukatwa pesa mara mbili kwa malipo yale yale, aina ya hitilafu ambayo yeye alikuwa anaikamata kabla haijatoka ofisini. Wengine nao walikuwa wameshajifunza mchezo: kazi moja inagawanywa vipande vinne, na zile ngumu zinaachwa zioze. Kwenye ripoti, tija ilikuwa imepanda!

Najua mtajibu kwamba bila kipimo mwajiri atajuaje nani anafanya kazi. Ni swali la haki. Vijana wanaomaliza vyuo hapa Kiirua na Meru mjini wanaambiwa wajionyeshe GitHub, wajaze vijisanduku vya kijani kila siku, na siwezi kuwaambia waache wakati ndivyo wanavyopata ajira. Lakini anayemsaidia mwenzake saa tatu kutafuta hitilafu hapati kijisanduku, anakipata mwenzake.

Katika kikundi chetu kidogo cha watu wanne tunajaribu kitu. Kila Ijumaa, kabla ya kufunga kompyuta, kila mmoja anaandika jina la aliyemwondolea kikwazo wiki hiyo, na kikwazo chenyewe kilikuwa nini. Hakuna pointi, hakuna zawadi. Kasoro zake tumeshaziona: wawili kati yetu ni marafiki tangu shule ya msingi, wanaandikana kila wiki bila haya, hata wiki ambayo mmoja alikuwa amelazwa na malaria. Sharti la kueleza kikwazo limepunguza kidogo tu. Mwenye wazo bora anijulishe.