Tuchange Kabla ya Matanga

Wasee, leo sina vidio. Naandika tu, juu hii maneno ikiendelea kukaa ndani itanichoma.

Binamu yangu alikuwa anaendesha boda. Karo yangu ya chuo ilikuwa inatoka kwa hiyo pikipiki. Jioni moja gari likamgonga, mfupa wa paja ukakatika vipande viwili. Hospitalini tukaambiwa anahitaji chuma, na familia ndiyo inunue. Hatukuwa nazo. Basi mguu ukafungwa kamba, uzito ukaning'inizwa mwisho wa kitanda, akalala chali zaidi ya mwezi akihesabu mabati ya dari. Muhula huo mimi nikarudi nyumbani. Sijawahi rudi chuo.

Sasa niwaulize. Mzee wa ukoo akifa, si tunachanga siku tatu tu na pesa ya jeneza, hema, basi na chakula inapatikana? Lakini binamu yangu akiwa hai, grupu ya familia ilijaa "pole sana" na "Mungu atamponya". Pesa ilikuja mia mia.

Mungu anaponya, sikatai. Hata mfupa unajiunga wenyewe: damu inaganda palipovunjika, kitu laini kama gegedu kinaota, halafu polepole kinageuka mfupa. Kazi ya daktari ni kuunyoosha na kuushikilia ili mwili ufanye yake. Ndiyo maana ya chuma. Ni fimbo inaingizwa ndani ya uwazi wa mfupa, inafungwa na skrubu juu na chini. Si kitu kipya, Gerhard Küntscher aliianza Ujerumani 1939. Aliyewekewa mara nyingi anasimama na magongo baada ya siku chache. Wa kamba analala wiki nyingi, na mfupa unaweza kuunga ukiwa umepinda ama mfupi.

Najua mtasema hiyo ni kazi ya serikali. Kweli, na tuendelee kuidai. Lakini mfupa haungoji bajeti. Wiki zikipita unaanza kuunga vile ulivyokaa, na kuunyoosha kunakuwa kugumu zaidi. Na kama ngozi ilipasuka, jeraha linataka kuoshwa na dawa ya kuua viini mapema, si baada ya kupita kwa mkandaji kwanza.

Halafu ulizeni maswali. Kuna shirika la Marekani linaitwa SIGN, lilianza 1999, linapatia hospitali za nchi kama zetu vyuma vya msaada. Vimetengenezwa viwekwe hata pale chumba cha upasuaji hakina mashine ya eksirei. Sisi hatukuuliza mtu yeyote. Tulikaa tu kwa benchi tukingoja kuitwa.

Leo binamu yangu anatembea akichechemea, mguu mmoja mfupi. Pikipiki iliuzwa. Anauza mayai boilo pale pale steji alikuwa anabebea abiria, na wenzake wanamnunulia kwa heshima.

Kwa hivyo ombi langu ni moja. Mtu wako akivunjika mguu, fungueni grupu ya kuchanga usiku huo huo, na mweke mweka hazina mkali, vile mnafanyaga ya mazishi. Huyu bado anaweza kuwashukuru.