Hofu ya Wodi kwa Mabinti Wanaosomea Uuguzi



Likizo iliyopita wazazi wawili wa hapa Kaengesa walitujia msikitini baada ya swala ya Alasiri. Binti yao, aliye mwaka wa kwanza katika chuo cha uuguzi, alikuwa amerudi nyumbani akisema hataki tena kusoma. Masomo ya darasani anayafaulu. Kilichomshinda ni wodi. Kila alipoambiwa ashike sindano mbele ya mgonjwa na mwalimu, mikono ilitetemeka, kinywa kikakauka, na yote aliyoyajua yakamtoka. Alieleza pia kwamba mwalimu wao mmoja wa kike huwakusanya wanafunzi wenye hofu, akawataka wafumbe macho na kupumua taratibu, kisha akawasimulia kwa sauti ya chini kazi ya wodini kana kwamba wanaifanya. Baba aliposikia habari ya kufumba macho na kuona visivyokuwapo, alishtuka. “Katibu,” alituuliza, “huu si uganga?”

Swali hilo lina haki ya kujibiwa kwa utulivu, hasa hapa Ufipa. Jina la Sumbawanga lenyewe wenyeji hulifasiri kuwa ni wito wa kuutupa uchawi, na juu ya hayo mji wetu umebebeshwa sifa ya uchawi katika mizaha ya nchi nzima. Mzazi aliyekulia katika hali hiyo, akailinda familia yake na ramli pamoja na waganga, hatumlaumu akiogopa jambo linalofanywa kwa macho yaliyofumbwa. Yatupasa kwanza kueleza jambo hilo ni nini, ndipo hukumu ifuate.

Tutaliita taswira ya kuongozwa. Mtu huketi mahali patulivu, akapumua taratibu mpaka mwili ulegee, kisha akaongozwa kwa maneno kuona akilini mahali fulani au kazi fulani, hatua kwa hatua, pamoja na sauti zake, harufu zake na mguso wake. Muda wote anajua alipo, naye anaweza kufumbua macho na kuondoka atakapo. Hakuna anayeitwa, hakuna kinachotabiriwa, wala hakuna aliyepokonywa akili yake.

Tena binti yule alikuwa akifanya taswira kila usiku, ila hakuwa na kiongozi. Amelala bwenini, anaiona sindano imeanguka, mgonjwa amepiga kelele, mwalimu amemkaripia mbele ya wenzake. Hayo hayajatokea, lakini moyo unakwenda mbio na viganja vinatoka jasho, kwa kuwa mwili umeiamini picha. Asubuhi anaingia wodini akiwa amelifanyia kosa mazoezi mara ishirini, na tendo sahihi hakulifanyia hata mara moja. Neno wasiwasi tumelipokea kutoka Kiarabu, na asili yake ni mnong’ono unaojirudiarudia. Hatujui neno linaloieleza hali hii vizuri zaidi.

Kwamba mwili huisikiliza picha ya akilini si dhana tupu. Katika miaka ya 1930 daktari Edmund Jacobson wa Chicago aliwalaza watu wakiwa wametulia, akawaunganisha na vifaa vya kupimia umeme mdogo wa misuli, kisha akawaambia wafikirie tu kwamba wanakunja mkono. Mkono haukuonekana kukunjika, lakini vifaa vilionyesha msisimko mdogo katika misuli ileile ya mkono. Wanamichezo wameutumia ujuzi huo kwa miaka mingi, na tangu miaka ya 1990 walimu wa uuguzi katika nchi mbalimbali wamekuwa wakiujaribu kwa wanafunzi wao. Kwa jumla wameona wasiwasi ukipungua. Hata hivyo, aghalabu makundi waliyoyachunguza yalikuwa madogo, na tutakuwa tunawadanganya wasomaji tukiisifu taswira kuwa ni dawa ya kila hofu.

Hofu yenyewe ina sababu, na wazazi tusiipuuze. Kijana aliyemaliza kidato cha nne hapa kwetu anapelekwa chuoni akiwa na miaka kumi na minane hivi. Cheti ni miaka miwili, stashahada mitatu. Baada ya miezi michache yuko wodini akimwosha mtu mzima wa umri wa babu yake, akimshika mkono mama anayejifungua, na huenda siku hiyohiyo akashuhudia kifo kwa mara ya kwanza maishani. Ukiacha hayo upo mtihani wa vitendo wa vituo, uliobuniwa na Ronald Harden kule Dundee, Uskoti, katika miaka ya 1970 kwa ajili ya wanafunzi wa udaktari, nao sasa umeenea katika vyuo vya afya duniani. Mwanafunzi huingia kituo kimoja, akapewa dakika chache kufanya kazi mbele ya msahihishaji mwenye orodha mkononi, na kengele ikilia huhamia kingine. Anayejua vizuri lakini akababaika hupoteza alama sawa na asiyejua. Na nyumbani mahindi yameshauzwa ili kulipa ada. Binti anaufahamu mzigo huo, hata kama hakuna anayemtajia.

Je, wanazuoni wetu wa kale walilifikiria jambo hili? Abu Zayd al-Balkhi, aliyezaliwa katika nchi ya Balkh, Afghanistan ya leo, na kufariki mwaka 934, aliandika kitabu kuhusu maslahi ya miili na nafsi. Humo aliueleza ugonjwa wa nafsi kwa namna iliyowashangaza wataalamu wa zama hizi, akitenganisha hasira, hofu, huzuni na wasiwasi. Marehemu Profesa Malik Badri wa Sudan, aliyefariki mwaka 2021, ndiye aliyefanya kazi kubwa ya kukirudisha kitabu hicho mbele ya wasomi wa saikolojia. Al-Balkhi anafundisha kwamba kama mtu mzima wa afya anavyoweka akiba ya dawa nyumbani kwa ajili ya maradhi ya ghafla, vivyo hivyo aweke akiba ya fikra njema wakati moyo wake umetulia, ili azitumie dhoruba ijapo. Mkulima wa Ufipa hatapata taabu kuelewa. Wazee wetu walifukia majani ndani ya matuta ya duara mwishoni mwa mvua, yakaoza taratibu, na msimu uliofuata wakayatawanya na kupanda. Hakuna aliyesubiri siku ya kupanda ndipo atafute mbolea.

Tunaisoma pia habari ya Nabii Musa (amani iwe juu yake). Kabla hajasimama mbele ya Firauni, Allah alimwamuru aitupe fimbo yake alipokuwa peke yake katika bonde la Tuwa. Ikawa nyoka, akakimbia, akaambiwa arudi aishike wala asiogope. Aliyaona mambo yale mahali pa salama kabla ya kuyafanya mahali pa hatari. Akaomba akunjuliwe kifua, arahisishiwe kazi na afunguliwe fundo la ulimi, akamwomba na ndugu yake wa kumsaidia. Na pamoja na yote hayo, siku ya wachawi Qur’ani inatueleza kwamba aliingiwa na khofu nafsini mwake. Basi anayemwambia binti yake kwamba anatetemeka kwa sababu imani yake ni dhaifu na asome dua tu, na atazame vyema anamlinganisha na nani.

Jibu letu kwa mzee wetu likawa hivi. Kuona akilini kazi ya halali ili kuifanya vizuri hakumo katika uganga wala ramli, na hatukuona ndani yake lililokatazwa. Lakini ipo mipaka. Wapo wanaouza kanda na mafunzo wakidai kwamba ukikiona kitu akilini, dunia italazimika kukuletea. Huko ni kuipa fikra ya mja uwezo usiokuwa wake, na Mwislamu ajitenge nako. Taswira humtayarisha mtendaji. Matokeo yamo mikononi mwa Allah. Na mazoezi yafanywe kwa kikundi au pamoja na mwalimu wa kike, si binti peke yake na mwanamume katika chumba kilichofungwa. Katika habari aliyotueleza binti, sharti hilo lilikuwa limetimia.

Namna ya kuifanya si ngumu. Mwanafunzi aketi, miguu ikanyage sakafu, simu iwekwe kando. Avute pumzi kwa puani taratibu na kuitoa taratibu zaidi kuliko alivyoivuta, mara sita au saba. Kuirefusha pumzi inayotoka husaidia mapigo ya moyo yapungue kasi. Kisha achague mahali pa amani anapopajua kwa hakika. Hapa bahari ya kwenye kalenda haitufai. Binti wa Kaengesa ana asubuhi ya Juni yenye baridi, moshi wa jikoni, jogoo wa jirani, uji wa ulezi unaochoma vidole kupitia kikombe. Akae hapo kidogo.

Ndipo aongozwe hadi wodini. Aione korido, anuse dawa ya kusafishia sakafu, asikie magurudumu ya toroli. Anawa mikono, na maji aone ni baridi. Anamsalimu mgonjwa, anamuuliza jina lake na kulilinganisha na faili. Anahakiki yale matano ambayo kila mwanafunzi hufundishwa: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi, wakati sahihi. Anamweleza mgonjwa anachokwenda kufanya. Anasafisha ngozi, anachoma, anatoa sindano, anaitupa katika kisanduku cha vitu vyenye ncha kali, anaandika. Asirushe hatua hata moja, kwa kuwa palipo na ukungu akilini ndipo palipo na ukungu mkononi, na mwanafunzi makini akirudi atakwenda kulifungua daftari lake mahali hapohapo.

Katika mazoezi haya wengi hufanya kosa la kujiona wamefaulu tu. Wanajiona wakipigiwa makofi, kisha mshipa wa kwanza wa mgonjwa ukipotea wanaporomoka. Ni bora aione pia hitilafu na namna anavyotoka ndani yake. Mkono unatetemeka, anasimama, anatoa pumzi, anaendelea. Mshipa haukupatikana, anatoa sindano, anabana pamba, anamwomba mgonjwa radhi, anamwita sista wa zamu. Mwalimu anamkosoa, anasikiliza, anajibu, anarudia. Kujiamini kunakojengwa namna hii kuna mahali pa kusimama panapoteleza.

Na hapa tuseme wazi, kwa kuwa uhai wa watu umo ndani yake. Muuguzi anayejiamini bila ujuzi ni hatari kuliko anayeogopa. Taswira haichukui nafasi ya mwanasesere wa mazoezi, wala ya kitabu, wala ya kusimamiwa na aliyekwisha kuijua kazi. Mwanafunzi ambaye hajawahi kuonyeshwa namna ya kuweka kanula hana cha kukiona akilini isipokuwa uongo wake mwenyewe. Mtume (rehma na amani zimshukie) alimwelekeza mtu amfunge ngamia wake kisha ategemee. Na binti afanye mazoezi ya mkono kwanza, taswira iyakaze, dua iyazunguke. Ikiwa kweli hajui, ujasiri ni kumwambia msimamizi, “Hili sijalijua, nionyeshe,” na hata sentensi hiyo inafaa kuifanyia mazoezi macho yakiwa yamefumbwa, maana huwa nzito kuliko sindano.

Kwa nini tunawashughulisha wazazi na haya yote? Kwa sababu mama zetu hutamani kuhudumiwa na mwanamke wanapojifungua, na hawatampata ikiwa mabinti wanarudi nyumbani mwaka wa kwanza nasi tunawapokea kwa kuwaambia kazi hii haikuwa yao. Rufaida al-Aslamiyya aliwauguza majeruhi katika hema msikitini Madina, na Saad bin Muadh, alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq, alipelekwa kwake. Uislamu haukuuona uuguzi wa mwanamke kuwa jambo la aibu tangu siku hizo.

Basi binti akipiga simu akilia, tusianze na ada. Tumuulize ni kazi gani hasa inayomtisha, kwa sababu “naogopa wodi” haina tiba, bali “naogopa kukosa mshipa mbele ya mwalimu” ina pa kuanzia. Na akiwa hali, halali, au amekata tamaa ya maisha, hapo si mahali pa taswira ya nyumbani. Apelekwe kwa daktari haraka, naye kwa kuwa yumo ndani ya hospitali hana safari ndefu.

Wazazi wale walituuliza wao wanaweza kusaidia nini, ilhali hawajui lolote la uuguzi. Tulimshauri mama arekodi katika simu ile sehemu ya kwanza tu, ya nyumbani: baridi, moshi, uji, jogoo, kwa sauti yake na kwa Kifipa akipenda. Ya wodini yabaki kwa mwalimu. Dakika tano zinatosha, na sauti ikishatumwa mara moja inabaki kwenye simu ya binti, ataisikiliza kila usiku bila kutumia bando.