Kabla ya Kubomoa Kanisa la Zamani, Nani Aulizwe?

Na Frateri wa mwaka wa pili, Falsafa



Parokia nyingi zilizoanzishwa na wamisionari zina furaha moja yenye mtihani ndani yake: waamini wameongezeka na kanisa limekuwa dogo. Jumapili watu wanasimama nje na kusikiliza mahubiri kwa vipaza sauti, na mvua ikinyesha wanatawanyika. Halmashauri ya Walei inakaa, kamati ya ujenzi inaundwa, michango inagawanywa kwa jumuiya ndogo ndogo. Kisha linakuja swali la kanisa la zamani, lile ambalo babu na bibi zetu walibeba mawe yake kichwani. Pengine jibu linatoka katika kikao kimoja tu: libomolewe, jipya lijengwe pale pale.

Sisemi kwamba kila jengo la zamani lazima libaki. Ninauliza ni nani anayepaswa kuulizwa kabla nyundo haijapigwa, na kwa utaratibu gani. Maoni yangu ni kwamba kila jimbo Katoliki linahitaji chombo kidogo cha kudumu, chenye watu wanaojua kazi, kisichofungamana na anayejenga, na chenye mamlaka ya kusema, "Subirini kwanza." Wenzetu wa nchi nyingine wanavyo vyombo vya namna hiyo, na tunaweza kujifunza kutokana na mema yao na mapungufu yao.

Tuitazame Marekani. Mwaka 1931 mji wa Charleston, huko South Carolina, ulitunga sheria ndogo iliyotenga eneo lake la kale na kuunda bodi ya kupitia michoro ya ujenzi katika eneo hilo. New York ilipata tume yake mwaka 1965, baada ya wananchi kuona stesheni kubwa ya reli ya Pennsylvania ikibomolewa kuanzia mwaka 1963. Mwaka 1966 ikatungwa sheria ya taifa ya kuhifadhi urithi wa kihistoria. Marekebisho ya mwaka 1980 yakaziingiza rasmi serikali za mitaa katika kazi hiyo: mji unaotaka kutambuliwa sharti uwe na sheria ya kulinda majengo ya kale, uunde tume yenye watu wenye sifa, uwe na orodha ya majengo yake, na uwape wananchi nafasi ya kusema. Ukitambuliwa, unaweza kuomba ruzuku. Kila jimbo la nchi hiyo hutakiwa kupitisha angalau asilimia 10 ya mgawo wake wa mwaka kwa miji ya namna hiyo.

Jambo moja huwashangaza wengi. Jengo kuandikwa katika rejesta ya taifa hakumzuii peke yake mwenye jengo binafsi kulibomoa kwa fedha zake. Kinachoweza kumzuia ni sheria ndogo ya mji wake, yaani bodi ya watu wanaoishi karibu naye. Heshima inatoka mbali, lakini ulinzi unatoka jirani.

Bodi hiyo ina watu gani? Sheria ya New York inataka makamishna 11 wanaoteuliwa na meya. Kati yao wawepo wasanifu majengo angalau 3, mwanahistoria, mtaalamu wa mipango miji au wa mandhari, mtu wa biashara ya ardhi na nyumba, na mkazi mmoja au zaidi kutoka katika kila moja ya sehemu 5 za jiji. Mwenyekiti peke yake ndiye anayelipwa. Hapo namkumbuka Aristotle katika kitabu chake cha Siasa. Anasema kwamba watu wengi wakikaa pamoja waweza kuamua vizuri kuliko bingwa mmoja, kwa sababu kila mmoja analeta sehemu yake ya busara. Anaongeza kwamba anayekaa ndani ya nyumba anaijua kuliko aliyeijenga. Msanifu anajua ukuta una uzito gani. Mama aliyebatizia watoto wake wote katika kanisa lile anajua jambo ambalo msanifu hana kipimo chake. Wote wawili wanahitajika mezani.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anatufundisha kwamba busara ina matendo matatu: kutafuta shauri, kuhukumu, na kuamuru. Bodi nzuri inafuata njia hiyo hiyo. Kwanza inatafuta shauri: mwenye jengo analeta michoro, tarehe ya kikao inatangazwa mapema, majirani wanasikilizwa. Pili inahukumu kwa vigezo vilivyoandikwa kabla ya kesi kufika, si kwa ladha ya mwenyekiti. Tatu inatoa uamuzi wenye sababu, na asiyeridhika ana pa kukata rufaa. Mjumbe mwenye maslahi katika jambo hilo anatoka chumbani. Na pale ambapo bodi haina nguvu ya kukataa kabisa, yaweza kuwa na nguvu ya kuchelewesha. Mjini Boston, ubomoaji wa jengo lenye umuhimu unaweza kusimamishwa kwa siku 90 ili itafutwe njia nyingine. Wazee wetu walishasema, haraka haraka haina baraka.

Sasa tuje kwenye kesi inayotuhusu sisi Wakatoliki. Katika mji mdogo wa Boerne, Texas, lipo Kanisa la Mtakatifu Petro lililojengwa mwaka 1923. Lilikuwa na nafasi ya watu wapatao 230, na katika baadhi ya Misa za Jumapili waamini kati ya 40 na 60 walikosa mahali. Askofu Mkuu wa San Antonio, Patrick Flores, aliiruhusu parokia kupanua kanisa. Miezi michache baadaye baraza la mji likatunga sheria iliyoipa tume ya majengo ya kihistoria mamlaka ya kupitisha kwanza ujenzi wowote katika eneo la kale. Kibali kilipoombwa, kikakataliwa. Askofu Mkuu akaenda mahakamani kwa kutegemea sheria ya mwaka 1993 ya kulinda uhuru wa dini. Mwezi Juni 1997 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa majaji 6 dhidi ya 3, iliamua kwamba Bunge lilivuka mipaka yake lilipozibana serikali za majimbo na miji kwa sheria ile. Mji ukashinda.

Msomaji anaweza kusema: ndiyo sababu hatutaki bodi. Watu wa nje wanaizuiaje parokia kuwapa waamini wake mahali pa kusali? Pingamizi hili ni zito, na silipuuzi. Roho za watu zina thamani kuliko kuta, na kanisa si makumbusho. Waamini 60 wasiopata nafasi ni watu, na bodi isiyowaona haina busara.

Lakini tuangalie mambo mawili katika kesi ile. La kwanza ni wakati. Sheria ya mji ilikuja baada ya ruhusa ya Askofu, mipango ikiwa tayari na mioyo imekwisha kuelekea kwenye jengo jipya. Chombo kinachozaliwa katikati ya ugomvi kitaonekana daima kuwa cha upande mmoja. La pili ni mwisho wake. Mahakama haikusema kanisa liwe na umbo gani. Ilizungumzia mamlaka ya Bunge tu. Suluhisho lilipatikana baadaye kwa makubaliano kati ya mji na Kanisa: sehemu kubwa ya jengo la zamani ibaki, na nafasi kubwa ya ibada ijengwe kwa nyuma. Jibu hilo lingeweza kupatikana mwanzoni kabisa, bila mawakili, kama pangekuwapo meza ya kuulizia: je, haiwezekani kupata yote mawili?

Kwetu pia yapo makanisa yaliyo chini ya macho ya mamlaka za hifadhi. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, Minara Miwili, limo ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, wenye mamlaka yake ya hifadhi tangu mwaka 1985 na ulioingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Lakini kanisa la kigango kule kijijini halina bodi ya mji. Lina paroko, katekista, kamati ya ujenzi na fundi. Wote hao wana nia njema, na wote wamo upande wa ujenzi. Mtu hawi hakimu wa shauri lake mwenyewe, hata akiwa mtu mwema.

Habari njema ni kwamba Kanisa limeshatuonyesha njia. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio ya Liturujia ya mwaka 1963, unataka kila jimbo, kadiri inavyowezekana, liwe na tume ya sanaa takatifu, na unawataka maaskofu waisikilize na kulinda vitu vya thamani vya nyumba ya Mungu visitupwe wala kutawanywa. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1215, inadai idhini ya maandishi ya Askofu kabla ya kanisa kujengwa, na kanuni ya 1216 inataka ushauri wa wataalamu katika kujenga na kukarabati. Kwa hiyo siombi kitu kigeni. Naomba tume hiyo iwe hai.

Itoshe kuwa na watu saba: padre anayejua liturujia, msanifu au mhandisi, mwalimu wa historia, fundi mzoefu wa mawe na mbao, na walei watatu, mmoja wao mzee na mmoja kijana. Wasitoke parokia inayojenga. Waanze kwa kuandika orodha ya makanisa yote ya zamani ya jimbo, mwaka yalipojengwa na hali yake. Wawe na muda maalumu wa kujibu, tuseme miezi mitatu, ili parokia isisubiri bila mwisho. Wamshauri Askofu kwa maandishi, na neno la mwisho libaki kwake.

Jimbo lisilo na fedha nyingi laweza kufanya hivyo, kwa kuwa gharama yake ni nauli, karatasi na uvumilivu. Sisi tunaojiandaa kuwa mapadre tutakabidhiwa majengo ambayo hatukuyajenga, yaliyogharimu jasho la watu ambao majina yao hayamo hata katika vitabu vya parokia. Usiache mbachao kwa msala upitao. Na ikibidi kuuacha, tuwaulize kwanza waliousalia.