Usilaumu macho, pima slaidi

Picha za stereo, yaani mbili zinazotazamwa pamoja hadi zionekane kama kitu halisi chenye mbele na nyuma, si jambo geni. Mwingereza Charles Wheatstone alieleza siri yake mwaka 1838: kila jicho huona kwa pembe yake, na ubongo huunganisha. Lakini wengi huzitazama dakika mbili tu, kichwa kikaanza kuuma. Lawama huangukia macho, kumbe kosa ni la ubandikaji.

Tuseme familia ya Katilu inataka kuwahifadhia wajukuu sura ya shamba lao la kunyunyizia maji kando ya Mto Turkwel, pamoja na ule mgunga ambao Waturkana huuita ewoi. Piga picha ya kwanza, sogeza kamera kulia sentimita 6.5 hivi bila kuiinamisha, kisha piga ya pili. Kitu cha karibu kabisa kiwe mita 2 mbele yako au zaidi. Mbuzi usiwategemee, hawatakungojea.

Sasa tubandike. Andika K kwenye slaidi ya kushoto na L kwenye ya kulia. Ukizibadilisha, mti wa mbele utaonekana uko nyuma ya mlima.

Pili, weka slaidi juu ya karatasi ya grafu mahali penye mwanga. Tawi lililo kwenye mstari fulani kushoto liwe kwenye mstari huohuo kulia. Moja ikipanda kidogo tu, jicho moja hulazimika kutazama juu na jingine chini. Hapo ndipo maumivu mengi huanzia.

Tatu, tafuta kitu cha mbali kabisa, kama kilele cha mlima, upime umbali kati ya kilele cha kushoto na cha kulia. Usizidi umbali kati ya vitovu vya lenzi mbili za chombo chako cha kutazamia. Ukizidi, macho huvutwa kwenda nje, kazi ambayo hayakuzoea.

Nne, pima vivyo hivyo kitu cha karibu. Umbali wake usipungue ule wa kati ya kingo za fremu, ili mandhari ikae nyuma ya fremu kama nje ya dirisha. Kwa slaidi za milimita 35, tofauti kati ya kipimo cha mbali na cha karibu isizidi milimita 1.2 hivi.

Siku hizi filamu ya slaidi ni adimu, lakini hata picha za simu zilizochapishwa zahitaji unyoofu huohuo.

Neno la mwisho kwa wazazi. Ikiwa vipimo vyote ni sawa, wengine wanaona kina, lakini mtoto mmoja haoni kamwe, usimcheke. Huenda jicho lake moja ni dhaifu. Mpeleke hospitalini Lodwar apimwe mapema, kwani dosari hiyo hutibika vizuri zaidi utotoni.