Ukinunua Ekzosi Usinunue Mlio

Mimi ni mmoja wa wale waliopatwa na ugonjwa wa motokaa tangu utotoni. Wakati wa Pasaka tulikuwa tukisimama kando ya barabara, tumejaa vumbi hadi kwenye kope, tukingoja magari ya Safari Rally. Datsun 240Z ilishinda mashindano hayo mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, ikashinda tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Mlio wa ile injini ya silinda sita ulitufikia kabla hatujaiona motokaa yenyewe, na mpaka leo nikiusikia nageuza shingo.

Basi si ajabu kwamba nilipohamia jimbo la California, Marekani, nikapata kazi na akiba kidogo, nilinunua mdogo wake 240Z, yaani Datsun 280Z ya mwaka 1978. Wala si ajabu kwamba kosa langu la kwanza lilitokana na mlio huo huo.

Wapenzi wa motokaa kuukuu wana desturi ya kubadilisha ekzosi. Kiwandani injini ile ilifungwa manifoldi ya chuma kizito, ambayo hukusanya moshi wa silinda zote sita katika nafasi finyu. Heda ni kitu kingine. Kila silinda hupewa bomba lake, na mabomba hayo hukutana mbele kidogo, kwa hiyo moshi hutoka bila kusukumana na injini hupumua vizuri inapokwenda mbio. Nguvu inayoongezeka katika motokaa ya kwendea kazini si nyingi kama wauzaji wanavyodai. Lakini mlio, lo!

Muuzaji aliniambia kwamba heda yake yafaa kila Datsun Z. Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Kwenye boksi palikuwa na maandishi madogo yaliyosema kwamba bidhaa hiyo ni ya motokaa za mashindano tu, si ya barabara za umma. Niliyasoma baada ya kulipa.

Huko California motokaa za petroli kuanzia za mwaka 1976, ukiacha zile ambazo bado ni mpya, lazima zipimwe moshi kila baada ya miaka miwili. Usipopita, hupewi usajili. Katika miji mikubwa motokaa ya umri wa yangu hupandishwa juu ya rola za chuma, ikaendeshwa pale pale iliposimama huku mashine ikinusa moshi wake. Lakini fundi pia hufungua boneti akakagua kwa macho. Fundi niliyemwendea, mzee mpole mwenye asili ya Mexico, alitazama mara moja tu.

"Namba iko wapi?" akaniuliza.

Namba aliyoitaka hutolewa na halmashauri ya hewa ya California, CARB. Mtengenezaji wa heda hupeleka bidhaa yake kukaguliwa, na ikionekana haizidishi uchafu hupewa hati ya idhini, ambayo wenyewe huiita EO. Namba ya hati hugongwa kwenye chuma au huandikwa katika kibandiko cha kuwekwa chini ya boneti. Hati hiyo hutaja ni motokaa gani, ya miaka gani, yenye injini gani. Heda iliyokubaliwa kwa motokaa ya jirani yako yaweza kuwa haramu kwa yako. Kwa hiyo mtu akikuambia heda yake ina EO, mwambie akupe namba, uitafute mwenyewe katika orodha ya CARB, uisome mstari kwa mstari kabla mkono haujaingia mfukoni.

Yangu haikuwa na namba. Wala haikuwa na mahali pa kufungia ile paipu ndogo inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeziba upande wa pili kwa kizibo, nikajiona fundi. Paipu hiyo ina kazi yake. Moshi unaorudi hupunguza joto la mwako, na joto likipungua gesi za nitrojeni nazo hupungua. Gesi hizo zikikutana na mvuke wa petroli ambayo haikuungua, zote zikapigwa na jua, hugeuka kuwa ule ukungu wa kuwasha macho uliojulisha Los Angeles duniani. Ukungu huo ulipoufunika mji Julai 1943, wako waliodhani kwamba Wajapani wamewashambulia kwa gesi ya sumu. Katika miaka ya 1950 mwanasayansi mzaliwa wa Uholanzi, Arie Haagen-Smit, alionyesha kwamba adui alikuwa motokaa zao wenyewe na viwanda vyao vya mafuta. CARB ilipoundwa, yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wake wa kwanza.

Nilirudi nyumbani na karatasi ya kushindwa, na sitaficha kwamba nilikasirika. Motokaa za mwaka 1975 kurudi nyuma hazipimwi. Kwa nini yangu iandamwe kwa ajili ya miaka mitatu? Wengi wana uchungu huo. Mwaka 2025 uliletwa mswada wa kuziachilia motokaa za miaka 35 na zaidi zilizokatiwa bima ya magari ya ukumbusho. Mchekeshaji Jay Leno, mwenye motokaa nyingi za kale, aliutetea sana, lakini ukakwama katika kamati mwezi wa Agosti.

Mswada huo ungenifaa, na bado sikuulilia. Hoja ya watetezi ni kwamba motokaa hizi ni chache. Ni kweli. Lakini mtoto wa jirani yangu ana pumu, na dirisha la chumba chake liko hatua kumi kutoka mahali ninapopasha injini asubuhi. Kwake yeye hakuna motokaa chache wala nyingi. Iko moja, nayo ni yangu.

Kuing'oa ile heda kulinifundisha mengine. Katika injini hii njia ya kuingizia hewa na njia ya kutolea moshi ziko upande mmoja, zinatumia gasketi moja na baadhi ya nati zile zile. Mdomo wa heda ukiwa mwembamba kuliko ule wa upande wa hewa, washa hubana kimoja na kuacha kingine. Ile tik-tik niliyoisifu kwa rafiki zangu kuwa ni mlio wa kimashindano ilikuwa moshi unaovuja! Tena matundu ya moshi ya injini yangu ni ya duara, na ya zile za zamani kidogo ni ya mraba. Muuzaji anayesema yote ni sawa hajafungua hata moja. Stadi ya mwisho ilikatikia ndani ya alumini, nikapoteza Jumamosi mbili kuitoa.

Nilitafuta heda yenye hati inayotaja 280Z ya 1978, yenye nafasi ya ile paipu ndogo, na isiyolihamisha kopo la kusafishia moshi kutoka mahali pake. Sikuipata. Hapo ndipo niliporudisha chuma cha kiwandani, nikakipeleka kikasawazishwa uso maana kilikuwa kimepinda kwa joto, nikafunga kila paipu. Motokaa ilipita. Inakwenda vizuri, na haivuji.

Mpwa wangu ana 240Z ya mwaka 1972. "Mjomba," akaniambia, "niuzie ile heda. Yangu hakuna wa kuifungua boneti."

Nilimweleza kwamba motokaa yake ilitoka kiwandani na pampu ya kupuliza hewa kwenye ekzosi, na kwamba sheria inataka ibaki pale, ipimwe isipimwe. Akacheka sana, akasema nimezeeka kuliko motokaa zangu. Heda ingali imening'inia ukutani gerejini. Jumapili iliyopita aliniuliza tena bei, nikamwambia haiuzwi.