Godoro Halielei

Wajukuu zangu hunicheka. "Babu, wasafiri peke yako, kwa nini usichague chumba chenye godoro zuri?" Nami huwajibu: godoro halielei!

Nimevuka Ziwa Victoria usiku mara nyingi, Bukoba hadi Mwanza. Huchagua meli kwanza, ndipo chumba. Hutazama ubavuni: alama ya ukomo wa mzigo ikiwa imezama, hurudi nyumbani, nauli na ipotee. Halafu huomba chumba cha juu, karibu na ngazi, hata kama kina kelele. Msafiri wa peke yake hana wa kumwamsha.

Wapo wasemao huo ni uoga wa wazee. La hasha! MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, imejaa kupita kiasi. Wengi walinaswa ndani. Septemba 2018 MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara, nayo imejaa pomoni. Meli haijijazi yenyewe, ndugu msomaji. Huijaza sisi tusemao, "Tutabanana humo humo."

Wacha wanicheke. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.