MAMBO YA NYUMBA NA SHAMBA: Funika Kabla ya Jua Kuchwa

Kipupwe kimefika. Katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, yaani Njombe, Makete, Mufindi na milima ya Uporoto, miezi ya Juni, Julai na Agosti ndiyo yenye usiku wa baridi kali. Huko Kitulo, ambako uwanda umeinuka kama mita 2,600 juu ya bahari, asubuhi nyingine nyasi huwa nyeupe kana kwamba zimenyunyiziwa unga. Huo si unga, wala si theluji, bali ni jalidi, yaani unyevu wa hewa uliogandia majani. Mwezi huu twataka kusema juu ya jalidi hiyo, maana yaweza kuharibu viazi shambani na mitungi uani kwa usiku mmoja.

Watu wengi husema, "Baridi imeingia." Kwa kweli baridi haiingii; joto ndilo litokalo. Mchana kutwa udongo hupokea joto la jua, na usiku huliachia lipande juu. Mawingu yakiwapo, ni kama blanketi juu ya nchi. Joto halipotei lote. Lakini mbingu zikiwa tupu, nyota zikimetameta na upepo ukitulia, joto hukimbia bila kizuizi, na majani hupoa kuliko hata hewa iliyo juu yake. Kwa sababu hiyo kipimajoto kilichotundikwa ukutani chaweza kuonyesha nyuzi 2 au 3 juu ya sifuri, na huku chini majani yameganda. Tena jambo hili halifuati majina ya miezi. Kericho na Nandi nchini Kenya ziko karibu na ikweta, walakini mwezi wa Januari 2012 jalidi iliunguza chai huko.

Basi, ikiwa hasara yatokana na joto kutoka, kazi yetu ni kulizuia lisitoke, na saa ya kulizuia ni jioni, kabla halijapotea. Afunikaye usiku wa manane amefunika baridi.

Kwanza tutazame shamba. Hewa ya baridi ni nzito. Hutelemka mlimani kama maji na kutuama bondeni. Na bondeni ndiko viliko vinyungu vyetu, kwa kuwa huko ndiko unyevu ulikobaki wakati wa kiangazi. Mazao ya kinyungu huisaidia nyumba wakati ghala limepungua na mahindi ya mlimani bado ni mabichi. Kwa hiyo jalidi hupiga palepale penye tegemeo la watu. Yafaa maharage, nyanya, maboga na viazi mviringo vipandwe kwenye mteremko, juu kidogo ya bonde, na sehemu ya chini kabisa tuwaachie kabichi, karoti na vitunguu, ambavyo huvumilia zaidi. Ikiwa bustani ina ua, acheni pengo upande wa chini, ili baridi ipite iende zake. Ua mnene upande huo huizuia kama boma lizuiavyo maji.

Siku ionekanayo kuwa na dalili, mwagilieni udongo adhuhuri. Udongo wenye maji hushika joto la mchana kuliko udongo mkavu uliotifuliwa. Nyasi zilizotandazwa kati ya mistari ni njema kwa kutunza unyevu, lakini usiku wa jalidi huzuia joto la ardhi lisiifikie mimea. Basi ziinueni jioni, mzitumie kuifunika mimea yenyewe. Kifuniko kishuke mpaka chini pande zote, kisimamishwe juu ya vijiti kisigusane na majani. Hasa nailoni, maana jani liligusalo huungua. Gunia, mkeka wa zamani au kapu lililochakaa hufaa. Asubuhi, jua likiisha kuyeyusha jalidi, funueni, udongo upate kupokea joto tena. Miche michanga ya parachichi, ambayo watu wa Njombe wengi wameipanda, ijengewe kibanda kidogo cha nyasi mpaka kipupwe kipite.

Wako wawashao nyasi shambani usiku ili moshi uifunike mimea. Hatuwashauri. Moshi haulizuii joto kama mawingu yalizuiavyo, na katika majira haya nyasi za milimani ni kavu. Moto mdogo wa bustani waweza kula msitu wa jirani.

Na kama jalidi imekwisha kupiga, msing'oe upesi. Viazi vilivyopalilia udongo juu vizuri huweza kuchipua tena kutoka chini, hata majani yakiwa meusi. Matawi ya miti yaliyoungua yasikatwe mpaka baridi iishe, maana huendelea kuyakinga machipukizi yaliyo ndani. Ila kiazi chenyewe kilichoganda huwa majimaji na kuoza. Kitengwe mbali na mbegu.

Pili, vyombo. Maji yakiganda huongezeka ukubwa: yaliyokuwa vibaba 100 huwa kama 109. Yakikosa nafasi, hujitafutia. Ndiyo sababu mtungi uliojazwa hadi shingoni na kuachwa uani huonekana asubuhi una ufa, na chupa iliyozibwa hupasuka. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa tuseme, usipopunguza maji utanunua mtungi. Mitungi na vyungu viingizwe ndani, au vipunguzwe maji na kufunikwa. Bomba la kupulizia dawa limwagwe maji yote kabla ya kuwekwa, pamoja na mpira wake. Mabomba ya maji yaliyo juu ya ardhi yafungwe magunia, au yafukiwe. Mbegu za viazi zisilazwe sakafuni karibu na mlango, bali juu ya uchaga, mahali penye hewa.

Tatu, na hili ni zito kuliko yote, nyumba yenyewe. Tumesema kufunika ni kuzuri. Lakini kufunika kuna mpaka wake. Jiko la mkaa likiwaka katika chumba kilichofungwa, huzaa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Makaa yaliyofunikwa majivu huitoa vilevile. Aliyelala haamki kwa kukohoa, kwa kuwa hakuna moshi wa kumkera. Usingizi wake huzidi tu. Dalili za kwanza ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Ikiwa wawili au zaidi nyumbani wanaumwa kichwa pamoja karibu na jiko, tokeni nje nyote mara moja, mkawahi hospitali. Mtungi uliopasuka hupatikana mwingine sokoni. Kwa hiyo mwenye kutaka joto na aote moto huku dirisha li wazi, kisha jiko litolewe nje kabla mtu wa kwanza hajalala. Watoto wajazwe blanketi, walazwe pamoja. Ziba nyufa za ukuta zipitishazo upepo, ila moto usilale ndani.

Walimu waweza kuwaonyesha watoto jambo hili bila gharama. Jioni yenye nyota, wekeni sahani mbili za maji machache: moja katikati ya uwanja, nyingine chini ya baraza. Kabla jua halijapanda, watoto wakazitazame. Mara nyingi iliyo uwanjani huwa na ngozi ya barafu, na ya barazani haina. Paa halikuwasha moto wowote, lilizuia tu. Mtoto aliyeyaona hayo kwa macho yake atakuwa wa kwanza kumkumbusha mama habari ya mtungi, na baba habari ya jiko.

Basi kila siku, saa 11 jioni, tazameni juu. Mawingu yakiwapo, laleni. Mbingu zikiwa tupu na upepo umekufa, chukueni magunia mwende bustanini, na mkirudi toeni jiko nje.